Ekari moja ya Nachingwea ilikuwa bei gani?

Nachingwea kuna kata inaitwa Stesheni. Ukifika usiulize treni inapita saa ngapi, maana treni ya mwisho ilipita kabla wazazi wa wengi wetu hawajaoana. Reli iling'olewa, jina likabaki. Wageni huwa wanacheka wakisikia, halafu wanaambiwa habari ya Mradi wa Karanga, wanacheka zaidi: Waingereza, karanga, mamilioni ya pauni, matrekta yaliyokufa porini.

Mimi nadhani tumecheka vya kutosha. Nataka leo tuuangalie ule mradi kwa jicho la mtu ambaye amepewa kazi na anatakiwa ataje bei. Ndiyo, bei. Kwa sababu ukiondoa siasa za London, hotuba za mawaziri na ukame, ule mradi ulikuwa ni kazi ya ukandarasi: fyeka pori, ng'oa visiki, lima, panda. Na swali la kwanza ambalo mkandarasi yeyote wa kule Ruangwa mwenye katapila moja ya kuungaunga angeulizwa ni hili: ekari moja shilingi ngapi?

Wale waheshimiwa hawakuwa na jibu. Walikuwa na wastani. Na wastani, wandugu, umeshawafilisi watu wengi kuliko wezi.

Turudi 1946. Uingereza imetoka vitani, mafuta ya kupikia yanagawiwa kwa kadi. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company (hawa ni watoto wa Unilever, wauza sabuni na siagi ya kupaka mkate), anapeleka wazo serikalini kwamba Tanganyika kuna ardhi tupu ya kulima karanga kwa mashine. Serikali ikaunda ujumbe wa watu watatu: John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, David Martin wa United Africa, na John Rosa, mtu wa fedha. Wakazunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa wakiitazama nchi kwa juu, kutoka kwenye ndege. Wakarudi na mpango: ekari milioni 3 na laki 2 na ushee, zigawanywe mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Gharama ya mtaji pauni milioni 24, muda miaka 6. Na sikiliza hii: mashamba 55 kati ya hayo, zaidi ya nusu ya mpango mzima, yalitakiwa yawe Jimbo la Kusini, yaani huku kwetu. Kongwa ambayo kila mtu anaijua ilipangiwa mashamba machache tu, ila ilikuwa karibu na reli ya kati, ndiyo maana kazi ikaanzia huko mwaka 1947.

Chukua kalkuleta. Pauni milioni 24 gawanya kwa ekari milioni 3.21, unapata kama pauni 7 na nusu kwa ekari, kila kitu ndani. Namba safi, inaingia kwenye hotuba vizuri, na mbunge yeyote anaielewa. Shida ni kwamba hakuna ekari hata moja duniani iliyowahi kuwa wastani. Kuna ekari ya vichaka na ekari ya mibuyu. Kuna ekari ya kichanga na ekari ya udongo mfinyanzi unaokauka ukawa kama saruji. Kuna ekari iliyo kilomita 2 kutoka karakana, na nyingine ili uifikie lazima kwanza ujenge daraja.

Na hata neno lenyewe "kufyeka" liliwadanganya. Mtu wa mjini akisikia kufyeka anaona tendo moja. Pale Kongwa iligundulika haraka kwamba ni matendo matano sita yaliyojificha ndani ya neno moja. Kwanza kulaza pori: katapila linasukuma, miti inaanguka. Hiyo ilikuwa rahisi, hata ya kufurahisha. Baadaye wakabuni njia ya kufunga mnyororo wa nanga ya meli katikati ya makatapila mawili, yanatembea sambamba, mnyororo unakwangua kila kitu. Pili kukusanya yale magogo kwenye mistari. Tatu kuchoma. Nne ndiyo kiama: kung'oa mizizi iliyobaki chini ya ardhi. Hapo meno ya mashine yalikatika, vyuma vikapinda, na udongo wa Kongwa ukila ncha za majembe kama msasa. Tano kulima, kisha kupanda. Mtu akipiga hesabu ya kufyeka kwa kuangalia pori linavyolala, amekadiria kazi ya kwanza na kusahau ya nne, ambayo ndiyo iliyokula pesa.

Matrekta yenyewe mengi yalikuwa mitumba, mabaki ya jeshi la Marekani yaliyookotwa Ufilipino, yakaja bila spea za kueleweka. Mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyofanyiwa ukarabati na kiwanda cha Vickers vikaitwa Shervick. (Kifaru kulima karanga. Mtunzi wa hadithi angeandika hivyo tungesema anatia chumvi.) Msimu wa kwanza walilenga ekari 150,000. Wakapanda kama 7,500. Hapo ndipo mkandarasi mwenye akili angesimamisha kazi, akakaa chini ya mti na daftari, akaandika: kulaza saa ngapi, kukusanya saa ngapi, kung'oa mizizi saa ngapi, spea kiasi gani kwa kila hatua, katapila limelala karakana siku ngapi. Ndani ya mwezi mmoja angejua ugonjwa uko wapi.

Kwa nini hawakufanya hivyo? Nina maoni yangu. Fedha hazikuwa zao. United Africa Company walikuwa mawakala wa serikali, wanaendesha mradi kwa niaba ya Wizara ya Chakula, na John Strachey, waziri mwenyewe, ameshaahidi bungeni. Mwaka 1948 ukaundwa mwili mpya, Overseas Food Corporation, chini ya Leslie Plummer, ambaye alitokea kwenye uongozi wa magazeti ya Express, kwa hiyo kwa mbali ni mwenzetu. Mashirika yakabadilika, lengo likabaki lile lile: ekari. Kila mtu alikuwa anaulizwa ekari ngapi zimefyekwa. Ekari moja imegharimu kiasi gani lilikuwa swali la baadaye. Ukimpima mtu kwa ekari atakuletea ekari, hata kama kila moja inakuua.

Sasa tushuke kusini, kwa sababu kule ndiko hadithi ninayoitaka ilipo.

Kongwa ilikuta reli. Nachingwea haikukuta kitu. Hapakuwa na bandari yenye kina cha kutosha, Lindi ni ya maji mafupi. Kwa hiyo ikaamuliwa ijengwe bandari mpya ya kina kirefu Mtwara, na reli kutoka pwani kwenda Nachingwea, na mji wenyewe wa Nachingwea ukachorwa porini: nyumba, karakana, hospitali, kiwanja cha ndege. Yote haya yalipimwa kwa mashamba 55. Piga hesabu: 55 mara 30,000 ni ekari milioni 1 na laki 6 na nusu. Bandari na reli vilitengenezwa viwe na ukubwa wa kuhudumia ekari hizo.

Ekari hizo hazikuja. Mwaka hadi mwaka shabaha ilipunguzwa, na mradi mzima, Kongwa, Urambo na Nachingwea ukijumlisha, haukufikia hata sehemu ya kumi ya zile ekari milioni 3.21. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba basi, na ikafuta hasara ya pauni milioni 36 na ushee. Rudia ile kalkuleta: milioni 36 gawanya kwa ekari zisizofika 321,000, kila ekari inapita pauni 110. Kutoka 7 na nusu hadi zaidi ya 110!

Lakini subiri kidogo kabla hujaanza kucheka tena. Hiyo 110 ni uongo pia, wa aina ile ile na ile 7 na nusu. Ni wastani mwingine. Ndani yake kuna gharama ambazo hazikulima karanga hata moja. Kuna madereva waliofundishwa kuendesha katapila kuanzia sifuri. Kuna vifaru. Ukimuuliza mtu ekari moja ya Nachingwea iligharimu pauni ngapi kufyekwa, akakutajia 110, amekujibu swali ambalo hukuuliza.

Na wala siyo mimi ninayesema hesabu zilikuwa ovyo. Taarifa ya kwanza ya shirika, ya mwaka ulioishia Machi 1949, ilitoka na wakaguzi wa hesabu wakaweka wazi kwamba hawawezi kuthibitisha kuwa vitabu vilitunzwa inavyopaswa. Bunge la Uingereza likawaka moto Novemba mwaka ule. Waliotolewa kwenye bodi ni Wakefield na Rosa, wale wale wawili wa wiki 9. Plummer na waziri walibaki kwanza. Wengi wamesimulia ile kama kashfa ya siasa. Mimi nikiisoma naona jambo la kawaida kabisa, la fundi yeyote wa mtaani: mtu amefanya kazi miaka miwili, ukimuuliza pesa imeingia wapi anakuonyesha boksi la risiti.

Sasa niruke miaka 35 na bahari moja, mnivumilie, nitarudi.

Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya John Deere, hao hao wa matrekta ya kijani, walikuwa na kiwanda cha vipuri pale Waterloo, jimbo la Iowa, Marekani. Kazi yake ilikuwa kuzitengenezea idara nyingine za Deere vipuri. Siku moja wakuu wakasema sasa shindaneni na wazabuni wa nje, anayetaja bei nzuri achukue kazi. Kiwanda kikaanza kutaja bei, na matokeo yakawashangaza. Kazi kubwa za vipuri vingi vya aina moja, ambazo mashine zao zilikuwa nzuri sana kuzifanya, walizikosa. Kazi ndogo ndogo za vipuri vichache, zile za kusumbua, ambazo kila moja inataka mashine ifunguliwe na kupangwa upya, ndizo walizishinda. Kwa nini? Kwa sababu gharama zote za jumla (kupanga mashine, kuhamisha malighafi, makaratasi, mishahara ya ofisini) walikuwa wanazitupa kwenye chungu kimoja kisha wanazigawa kwa vipimo vichache, mathalani saa za vibarua na saa za mashine. Kazi kubwa yenye saa nyingi ilibebeshwa mzigo ambao haikuusababisha. Kazi ndogo ilipata lifti ya bure.

Watu wa Deere wakaanza kuhesabu upya, na maprofesa wawili wa Harvard, Robin Cooper na Robert Kaplan, wakaliandika na kulifundisha dunia nzima. Kiswahili chake chepesi ni kukokotoa gharama kwa shughuli. Huulizi "kazi hii ina saa ngapi?" Unauliza "kazi hii imenifanya nifanye shughuli gani, mara ngapi, na kila mara moja inanigharimu nini?" Kwa kifupi, kila gharama itafutiwe aliyeisababisha. Bibi yangu angeliita jambo hilo haki, wala asingehitaji kwenda Harvard.

Tulipeleke Ruangwa tuone. (Ruangwa ilikuwa sehemu ya Nachingwea mpaka ilipokatwa kuwa wilaya mwaka 1995.) Kule siku hizi kazi za ukandarasi siyo za kutafuta kwa tochi. Kuna barabara za TARURA. Kuna migodi ya madini ya kinywe, na kanuni za madini za 2018 zinadai Watanzania wapewe nafasi ya kutoa huduma. Zabuni za serikali zinaombwa kwenye mfumo wa NeST tangu 2023. Kwa hiyo kuna vijana wana kampuni zao, katapila moja, trela la kubebea mtambo, fundi, karani. Namba ninazoweka hapa ni za mfano, nimezitunga ili hesabu ikae sawa, usije ukazipeleka benki.

Mwezi mmoja, ukitoa dizeli na posho ya opareta ambazo zinajulikana kwa kila kazi, gharama za jumla ni shilingi milioni 12. Kuhamisha mtambo kwa trela milioni 4.8. Fundi na karakana milioni 4.8. Ofisi, yaani kwenda kukagua eneo, kuandika bei, kufuatilia malipo (hasa kufuatilia malipo!), milioni 2.4. Katapila limefanya kazi saa 120. Mwenye kampuni anafanya kama wengi wanavyofanya: milioni 12 gawanya kwa 120, laki moja kwa kila saa, anaiongeza juu ya dizeli, bei imepatikana.

Mwezi huo alikuwa na kazi ya kusafisha eneo moja pale Ruangwa mjini, saa 40. Alikuwa pia na wateja watano, mmoja Mbekenyera, mmoja Namichiga, mmoja Chinongwe, mmoja Mandawa, na wa mwisho kule Kilimarondo, upande wa Nachingwea, kila mmoja saa 8. Jumla saa 40 vile vile. Kwa hesabu yake ya saa, kazi ya mjini ilibeba milioni 4 na wale watano kwa pamoja wakabeba milioni 4. Sawasawa. Kuna pia vikazi viwili vya kawaida vya saa 40, navyo milioni 4.

Sasa hesabu kwa shughuli. Trela lilihama mara 8 mwezi ule, kwa hiyo kila safari ni laki 6. Karakana inafuata saa za mtambo, elfu 40 kwa saa. Ofisi ilishughulikia wateja 8, laki 3 kwa mteja. Kazi ya mjini: safari moja laki 6, karakana milioni 1.6, ofisi laki 3. Milioni 2 na nusu. Wale watano: safari tano milioni 3, karakana milioni 1.6, ofisi milioni 1 na nusu. Milioni 6 na laki moja! Vile vikazi viwili vinachukua milioni 3.4 iliyobaki, na jumla inarudi pale pale, milioni 12.

Umeona kinachotokea? Kazi ya mjini ameitajia bei yenye milioni 1 na nusu isiyoihusu. Mwezi ujao mwenzake atakuja na bei ya chini, ataichukua. Za vijijini anazitajia bei ya chini kwa zaidi ya milioni 2, kwa hiyo zote zitakuja kwake, simu haitapumzika, katapila litazunguka wilaya mbili nzima likipigiwa makofi, na mwisho wa mwaka jamaa anauza trela kulipa deni. Watu watasema amelogwa. Hajalogwa, amegawa kwa 120.

Tafadhali usinielewe kwamba awakatae watu wa vijijini. Anaweza kuwapangia ratiba, Mbekenyera na Namichiga wiki moja kwa safari moja ya trela, bei ikashuka kwa haki. Lakini huwezi kupanga hivyo kama hujui kwamba trela ndilo linalokula.

Kuna jambo moja zaidi ambalo Kaplan na Steven Anderson walilikazia mwaka 2004, na ndilo linanirudisha Nachingwea. Wale mafundi na karakana, wanalipwa wawe na kazi au wasiwe nayo. Tuseme wanaweza kuhudumia saa 200 kwa mwezi. Ile milioni 4.8 gawanya kwa 200, gharama ya saa ni elfu 24, siyo 40. Saa 80 zilizokaa bure, karibu milioni 2, ni gharama ya kweli, inalipwa, lakini haikusababishwa na mteja wa mjini wala wa Chinongwe. Imesababishwa na mwenye kampuni aliyeajiri kwa kutegemea kazi ambazo hazijaja. Iandikwe peke yake, kwenye mstari wake, kwa jina lake. Ukiwabebesha wateja waliopo gharama ya wateja wasiokuwepo, bei inapanda, waliopo nao wanakimbia, saa za bure zinaongezeka, unapandisha tena bei. Huo mteremko hauna breki.

Hapo ndipo Bandari ya Mtwara inapokuja. Bandari ya ekari milioni moja na laki sita na nusu, ikawekwa juu ya mgongo wa mashamba machache yaliyokuwa yamefyekwa. Ukiichanganya bandari na kufyeka kwenye chungu kimoja, ekari ya Nachingwea inaonekana ni wendawazimu. Ukiitenganisha unapata maswali matatu tofauti, na kila moja lina majibu yake. Kufyeka, kung'oa na kulima ekari hii hapa, kwa mashine hizi na udongo huu, ni kiasi gani? Bandari na reli zisizo na mzigo zinagharimu kiasi gani kwa mwaka, na nani alizipima kwa ukubwa huo? Na ada ya kujifunza, yaani vifaru, mitumba ya Ufilipino, msimu wa kwanza mzima, ni kiasi gani? Kwenye simulizi za mradi huu maswali haya matatu yamezikwa kaburi moja.

Najua mtaniambia: hata wangehesabu kwa shughuli, mvua ya Kongwa isingenyesha kwa sababu ya daftari. Kweli kabisa. Hesabu haileti mvua. Na sidhani mradi ungepona, kwa sababu pori la kusini lilikuwa zito, mbali, na karanga bei yake ina mwisho. Ninachosema ni kwamba ungekufa mapema, ungali mdogo. Baada ya ekari 7,500 za kwanza, mtu mwenye gharama ya kung'oa mizizi mkononi angejua kabla bandari haijaanza kumwagiwa zege. Badala yake, kusini kulijengwa wakati Kongwa tayari inalia, kwa imani kwamba kule wastani utakuwa mzuri zaidi. Huo ndio uzito wa jambo hili kwangu. Vijana wa Jimbo la Kusini waliacha mashamba yao wakafuata mshahara, mji ukaota kwenye mchoro wa watu wengine, halafu Januari 1951 wakaambiwa hesabu hazikai.

Baada ya hapo kuna kipande cha historia ambacho hakisimuliwi, pengine kwa sababu hakichekeshi. Mabaki ya mradi yalikabidhiwa Tanganyika Agricultural Corporation. Hawa hawakuwa na mamilioni, wala waziri wa kuwashangilia. Walikuwa na mashamba yaliyokwisha kufyekwa, matrekta machache, na wakulima Waafrika waliopangishwa vipande vya ardhi huku shirika likiwafanyia baadhi ya kazi kwa mashine. Sasa hapo bei inakuja tu yenyewe, utake usitake: ukimlimia mtu lazima umwambie kulima ekari yake ni shilingi ngapi. Na ndipo hatimaye watu wakakaa chini kuhesabu. Mwaka 1963 ilichapishwa London kazi ya R. F. Lord kuhusu uchumi wa kilimo cha mashine Nachingwea. Kilimo kile kile, ardhi ile ile, kikipimwa kwa gharama, miaka 12 baada ya hasara kufutwa.

Mashamba mengine yalipata kazi nyingine. Farm 17, ambayo jina lake ni namba tu kwenye ule mpango, ikawa kambi ya mafunzo, na wapiganaji wa FRELIMO walipita Nachingwea kabla ya kuvuka Ruvuma kwenda kuikomboa Msumbiji. Hakuna aliyeiweka hiyo kwenye makadirio ya 1946.

Reli yenyewe ilidumu zaidi ya miaka 10 hivi, ikibeba mizigo ya kubahatisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Kazi ya kung'oa nayo ilikuwa na shughuli zake: kufungua vifungo, kunyanyua vyuma, kupakia, kusafirisha hadi pwani. Ningependa sana kuona waliitajia bei gani kwa maili.